Tangi la Maji Halitafutiwi Nafasi, Linatafutiwa Kimo

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa chama, mafundi wenzangu, na nyinyi ambao mmeegesha magari yenu mpaka mkaziba geti la jirani: habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie jambo moja, nalo ni kuhamisha mipira ya maji na matangi kwenye Subaru Impreza ya tabo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, baada ya mtu kufunga intakula ya mbele, yaani kipoza hewa ya tabo. Nitalizungumza hilo, na nitapita kidogo kwa Mazda kwa sababu kule kuna la kujifunza. Mambo ya kupanga kompyuta na ukubwa wa tabo leo siyagusi. Hayo tunayajadili kila tukikutana, na kila tukikutana hatuelewani.

Nianze na msimamo wangu ili mwenye kunipinga ajiandae. Magari mengi yanayochemsha baada ya kufanyiwa mabadiliko hayachemshi kwa kukosa rejeta kubwa. Yanachemsha kwa sababu fundi aliipa hewa mahali pa kukaa. Mwenye gari anauziwa rejeta nene ya aluminiamu, halafu feni mbili, halafu themostati, ule mlango wa maji unaofunguka kwa joto, inatolewa na kutupwa, na gari bado linachemsha kwenye foleni ya Ubungo. Kumbe kuna hewa kiasi cha kikombe imejibana kwenye kona ya mpira, na hakuna aliyeifungulia njia.

Tuifuate basi njia ya maji kwenye injini ya EJ, ndiyo iliyomo kwenye Impreza hizi, maana huwezi kukata mpira ambao hujui unabeba nini. Injini hii imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto. Pampu iko mbele, inazungushwa na mkanda wa taimingi. Themostati iko chini ya pampu, upande ambao maji yanaingia yakitoka rejeta, wala si upande yanakotokea kama mlivyozoea kwenye injini nyingi za zamani. Pampu inasukuma maji pande zote mbili, yanazunguka silinda na hedi, yaani vifuniko vya silinda, kisha yanakutana kwenye bomba la aluminiamu lililolala juu ya bloku, chini ya manifodi ya kuingizia hewa. Hapo mpira wa juu unayapeleka kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi kwa mpira wa chini mpaka mlangoni kwa themostati.

Sasa jiulizeni: ikiwa themostati imekaa upande wa maji baridi, inajuaje kwamba injini imepata joto? Inajua kwa sababu kuna maji mengine yanayorudi pampuni bila kupita rejeta, na sehemu kubwa ya hayo ni yale yanayopita kwenye hita ya ndani. Yanatoka motoni, yanazunguka kwenye hita, yanarudi nyuma ya themostati na kuipasha habari. Hapa ndipo watu wa Dar wanapojiumiza. Mtu anasema, "Hita ya nini mji huu?" Anang'oa ile hita, anaiziba mipira yake miwili kwa boliti na klipu, anafurahi kwamba ameokoa kilo mbili tatu na boneti limekuwa safi. Themostati ile sasa haipati maji ya moto. Inachelewa kufunguka, ikifunguka inapigwa na maji baridi ya rejeta, inafunga tena. Mshale wa joto unapanda na kushuka, na mwenye gari anakwenda kununua themostati mpya. Kama hita huitaki, toa hita, lakini mipira yake uiunganishe iwe mzunguko mmoja. Usiizibe. Hilo nalisema kwa mafundi hasa, kwa sababu mwenye gari hufanya anachoambiwa.

Tuje kwenye tangi lenyewe.

Hili niliyoweka mezani ni la Impreza, la chuma, mnaweza kulipitisha mikononi. Tazameni chini yake na ubavuni. Shingo hii inapokea maji kutoka kwenye tabo. Hii nene inashuka kurudi injini. Hii nyembamba, karibu na kifuniko, inakwenda kwenye chupa ya plastiki ya akiba. Kwenye gari linakaa juu, kando ya intakula ya asili, na ukiinama utaona kwamba liko juu kuliko tabo. Wajapani hawakuliweka pale kwa kukosa pengine.

Tabo ya gari hili inapozwa kwa mafuta na kwa maji. Unapokimbiza gari, gesi ya ekzosi inayoipita huwa na joto la nyuzi 800 na zaidi. Ukizima injini ghafla, pampu ya mafuta inasimama, pampu ya maji inasimama, ila chuma cha tabo bado kimewaka. Maji yaliyomo ndani yake yanaanza kuchemka. Mvuke na maji ya moto yanapanda yenyewe kwenda kwenye tangi, na maji yenye ubaridi kidogo yanaingia kwa chini kuchukua nafasi yao. Mzunguko huo unaendelea kwa dakika kadhaa bila pampu yoyote, ilimradi njia kutoka kwenye tabo hadi kwenye tangi inapanda muda wote. Ukiliweka tangi chini ya kimo cha tabo, au ukaupitisha mpira ukapanda, ukashuka, kisha ukapanda tena, mvuke unakwama kwenye kile kilima. Mafuta yaliyobaki kwenye beringi za tabo yanaungua na kugeuka masizi magumu. Baada ya muda tabo inaanza kuvujisha mafuta, moshi wa bluu unatoka nyuma, na lawama inaangukia mafuta ya injini.

Kwa hiyo tatizo la intakula ya mbele ni hili. Ya asili inakaa juu ya injini na tangi limepangwa kando yake. Ukifunga ya mbele unaleta mabomba mapana ya hewa, na bomba mojawapo mara nyingi linataka kupita pale pale penye tangi. Fundi mwenye haraka anatazama boneti, anaona uwazi chini karibu na betri au nyuma ya taa, anasema nafasi ndiyo hii. Nimepokea gari lililofanyiwa hivyo kwenye gereji moja ambayo siitaji. Kazi ya kuchomelea ilikuwa nzuri kweli, rangi nyeusi imepakwa, klipu zote mpya. Tangi lilikuwa chini ya kimo cha tabo kwa karibu upana wa kiganja. Mwenye gari alikuwa ameshachemsha mara kadhaa njia ya Iringa, pale mlima Kitonga, na alikuwa ameshabadilisha gasketi ya hedi upande mmoja.

Namna ya kupata kimo sahihi haihitaji kifaa cha ghali. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ule wanaotumia waashi kupimia levo ya msingi. Weka maji, ncha moja ishikie kwenye shingo ya juu ya tabo, ncha nyingine ipeleke mahali unapotaka kuweka tangi. Maji yatakuonyesha mstari. Sehemu ya chini ya tangi iwe juu ya mstari huo. Gari liwe limesimama sawasawa, na ukimaliza lipandishe pua kwa jeki upime tena, kisha upime pua ikiwa chini, kwa sababu barabara zetu haziko kama sakafu ya gereji. Sehemu inayokubali mara nyingi ni ile karibu na kichwa cha shokabu, au ukutani nyuma ya injini. Ukikosa kabisa, tengeneza tangi jembamba na refu, au sogeza bomba la hewa. Hewa inayokwenda kwenye injini inavumilia kupindishwa kidogo. Mvuke hauvumilii.

Kuna jambo la vifuniko ambalo naona linapuuzwa sana. Impreza nyingi za tabo zina vifuniko viwili vya presha, kimoja juu ya tangi hili na kingine juu ya rejeta. Kwa sura ni ndugu, kwa springi siyo. Cha tangi huachia mapema zaidi, kwa makusudi, ili maji yaliyozidi yatokee pale juu na kwenda kwenye chupa ya akiba. Kijana wa kuosha injini akivibadilishana, njia ya kutolea presha imehama na wewe hujui. Vitie alama ya rangi leo hii.

Na kifuniko hicho ndicho kinachofanya kazi kubwa kuliko hata rejeta mnayoililia. Hapa Dar maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 100. Iringa mjini, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima kinachobana bar 1.1 kinakusogezea kiwango hicho hadi kama nyuzi 120. Raba yake ikipasuka umepoteza nyuzi ishirini na zaidi kwa mkupuo, na unazipoteza ukiwa unapanda mlima kwa gia ya pili nyuma ya lori la Zambia.

Sasa chupa ya akiba. Watu wanachanganya tangi na chupa, na duka linawauzia kimoja kwa jina la kingine. Tangi liko ndani ya mzunguko, lina presha, linachomelewa kwa chuma. Chupa iko nje ya mzunguko, haina presha, inapokea tu maji yaliyofukuzwa na kuyarudisha injini ikipoa. Maji yakitoka kwenye ubaridi wa asubuhi hadi joto la kazi yanatanuka kwa kama asilimia 4. Kwa mfumo wa lita 7, hiyo ni karibu robo lita na zaidi kidogo inayotafuta pa kwenda, na ukiongeza kulanti ya dukani, ile dawa ya maji ya injini, inatanuka zaidi ya hapo. Chupa iwe na uwazi wa angalau nusu lita. Na mpira wake ushuke mpaka chini kabisa, uzame ndani ya maji. Nimeona zile chupa za aluminiamu zinazong'aa, zinazopendwa kwenye maonyesho, ambazo mpira unaingilia juu na kuishia juu. Injini ikipoa inavuta, na inachovuta ni hewa. Kila siku inameza hewa kidogo, na mwisho wa mwezi fundi anaambiwa gari "linakunywa maji".

Nilisema nitapita kwa Mazda.

Mwaka 1989 Mazda walitoa gari dogo la viti viwili, MX-5, ambalo Japani liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Injini yake ilitokana na ukoo wa injini za Mazda 323, gari la kusukumwa na magurudumu ya mbele, ambamo injini imekaa kwa upana. Kwenye 323 maji yanaingia upande wa mkanda na kutokea upande wa pili wa hedi, yaani yanazipita silinda zote nne. Walipoigeuza injini ile ikae kwa urefu ndani ya MX-5, ule upande wa kutokea ukawa umeangalia ukuta wa kabini. Wakahamishia njia ya kutokea na themostati mbele. Kwa hiyo maji yanaingia mbele na yanatokea mbele, na nyuma kabisa panapata mkondo unaokwenda kwenye hita tu. Silinda ya nne inabaki na joto kuliko wenzake.

Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, halina shida; yapo yaliyotembea miaka zaidi ya thelathini. Ila wanaofunga tabo na kuyakimbiza kwenye viwanja vya mashindano waliona silinda ya nne ndiyo inayogonga kwanza, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani yake. Dawa yao ni kurudisha mambo yalivyokuwa kwenye 323: themostati inapelekwa nyuma ya hedi, tundu la mbele linazibwa, na mpira mrefu unapita ubavuni mwa injini kurudi kwenye rejeta. Ni kazi nzuri, na sababu yake inaeleweka ukifuata maji kwa kidole.

Kinachonikera ni mtu aliyeona picha ya kazi ile kisha anakuja kwangu anataka Impreza yake "ifanyiwe kama Mazda". Ifanyiwe nini? Maji ya EJ hayaingii na kutokea sehemu moja. Wapo wanaotoboa njia ya ziada nyuma ya hedi ya kushoto, kwenye silinda ya nne ya Subaru, ambayo nayo ina sifa mbaya ya kuvunja pistoni. Kwa gari la mashindano sina ugomvi nao. Kwa gari la kwenda kazini na Bagamoyo Jumapili, kila nati na mpira unaoongeza ni mahali pengine pa kuvujia, na fedha ile ni heri ikanunue geji nzuri ya joto.

Mipira yenyewe, haraka haraka. Ya silikoni inapendeza na inastahimili joto, lakini inataka klipu pana zisizokata, na inataka kukazwa tena baada ya kupata joto mara ya kwanza. Mpira wa chini wa rejeta uko upande wa kuvutwa na pampu. Ukitumia mpira laini bila springi ndani, kwenye mzunguko mkubwa wa injini utanyonywa na kubanana wakati ambapo wewe umeinama kuangalia spidi. Ukiunganisha mipira kwa kipande cha bomba, ncha za bomba ziwe na ukingo ulioinuka. Bomba laini halishiki presha hata ukilifunga klipu tatu. Na mpira wowote unaopita karibu na tabo uvalishwe kinga ya joto, au bora zaidi uusogeze.

Ile mipira miwili midogo inayopasha joto throto, mlango wa hewa ya injini, wengi mnaiondoa. Iliwekwa kwa ajili ya nchi zenye barafu, hapa haina kazi kubwa, ondoeni mkitaka. Msitegemee nguvu yoyote ya kuhisi kwa makalio. Faida ninayoiona mimi ni kupungua kwa viungo vinavyovuja.

Kuhusu maji ya kutia: msitie maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na injini hii ni aluminiamu juu ya aluminiamu. Tumieni maji yaliyochujwa, yale ya betri, pamoja na kulanti inayofaa. Baridi ya kugandisha hatuna, kwa hiyo nusu kwa nusu si lazima. Kulanti inabeba joto kidogo kuliko maji. Theluthi moja inatosha kwa kazi tunayoitaka hapa, ambayo ni kuzuia kutu na kuongeza kidogo kiwango cha kuchemka.

Sasa kutoa hewa, ambako ndiko kazi yote niliyoeleza inapofaulu au kuharibika. Pandisha pua ya gari. Fungua ile plagi ndogo ya kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta. Wengi hawajui kama ipo. Weka swichi ya hita kwenye joto kabisa, kama bado unayo hita. Tia maji kupitia kwenye tangi, polepole, ukiwa unaminya mpira wa juu kwa mkono. Utasikia yanagugumia, kisha kiwango kinashuka ghafla. Hiyo ni hewa imepata njia, ongeza. Maji yakianza kutoka kwenye plagi bila mapovu, ifunge. Washa injini, acha iungurume bila haraka mpaka feni ziwake na kuzima, kisha ziwake tena. Gusa mpira wa chini: ukipata moto, themostati imefunguka. Ukiwa baridi na geji iko juu, zima, bado kuna hewa.

Na geji ya dashibodi msiiamini sana. Imetengenezwa ikae katikati kwa muda mrefu ili isimtie dereva wasiwasi. Isitoshe, sensa ya joto inapima maji. Ikibaki ndani ya hewa haigusi maji, na itakwambia kila kitu ni shwari wakati hedi inapinda. Ukifunga geji ya pembeni, sensa yake ikae kwenye bomba ambalo huwa limejaa, na karibu na injini, si mwisho wa mpira wenye kona tatu.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha tangi. Kiwango kikiwa kimeshuka na chupa ya akiba haijapungua, chupa hairudishi maji: angalia kifuniko na ule mpira mwembamba. Vikiwa vyote viwili vimeshuka na sakafu ni kavu, hewa iliyokuwa imebaki imetoka, ongeza maji na uendelee. Vikishuka tena siku ya tatu na ya nne, huenda maji yanaingia kwenye silinda. Hapo tuongee kuhusu gasketi.

Impreza ya bluu iko hapo nje, pua imeshapandishwa, na tangi lake tulilihamisha wiki hii. Twendeni tukatoe hewa pamoja, na mwenye swali aniulizie pale pale boneti likiwa wazi. Mwenye gari amelizungusha asubuhi hii, kwa hiyo asiguse mtu kifuniko mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono mtupu.